Fundi, Paka Wake na Ua la Kaburini

Fundi hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Ukimpelekea kitambaa alikishika, akakinusa, akakigeuza upande wa ndani, halafu akakuuliza swali la kukukera: "Hiki umepewa au umenunua?" Ukisema ulinunua, alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Nilimchukia muda mrefu kabla ya kumzoea, na nilipomzoea sikuweza tena kumchukia, ingawa sababu alinipa za kutosha.

Alipanga chumba cha uani kwetu, Kasingirima, pale Ujiji, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakimiminika kutoka Burundi na kutoka ng'ambo ya ziwa. Cherehani yake aliiweka barazani, upande wa barabara. Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama baada ya ndoa yangu kuvunjika, maneno makali ninayo na kazi sina, kwa hiyo nilishinda pale barazani nikifuma vitambaa vya meza na kugombana naye. Jina lake nalijua. Sitaliandika, kwa sababu alipokuwa kwetu lilikuwa jina la kufichwa, na hakuwahi kuniruhusu nilitoe. Mtaa mzima ulimwita Fundi, naye aliitikia hivyo hata kanisani.

Futi yake ya kupimia ilikaa shingoni wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Mama alimwambia mara nyingi aivue akienda kusali, naye alijibu kwamba Mungu anamjua kwa futi hiyo. Kiswahili alikuwa akijifunza ukubwani na herufi l ilimshinda. Kulala kwake kulikuwa kurara, na lakini ikawa rakini. Waha wa mtaani walimwelewa bila shida, kwa kuwa Kiha na Kirundi vimekaribiana sana. Wale wa Ujiji ambao Kiswahili ndiyo lugha waliyonyonya walimcheka waziwazi. Maneno yaliyompungukia aliyachukua kutoka Kirundi chake, akayavalisha Kiswahili na kuyatoa barabarani, akiamini yamemkaa vizuri.

Kwa ubishi sijamwona mwenzake. Mama mmoja wa kwaya alikuja kuchukua gauni la harusi ya mdogo wake, akalivaa palepale, akafurahi, akaanza kuondoka. Fundi akamwita arudi. "Bega rimepanda," akasema. Yule mama akasema halijapanda, na hata kama limepanda yeye hajali, gari linamsubiri. Fundi akasema kwamba gauni halitoki. Lilifumuliwa bega lote pale barazani, mwenyewe amejifunga khanga ndani kwetu, analia. Alifika harusini watu wakiosha sufuria. Fundi hakuomba radhi siku hiyo wala baadaye, kwa sababu kwa hesabu zake bega lilikuwa limenyooka na hakuna aliyekosewa.

Na alikuwa mwoga wa chakula cha watu. Mwanzoni mama alimpelekea chai kila asubuhi, naye akaitazama mpaka ikapoa. Mama akaudhika. "Chai yangu ina mende?" aliniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeiacha. Mzee mmoja wa kanisani, Mrundi pia, ndiye aliyetufungua macho: kwao anayekukaribisha kinywaji hukionja yeye kwanza mbele yako, ili ujue hakina kitu, na asiyeonja anakuacha na mashaka. Tangu hapo mama alipiga funda kubwa kabla ya kumkabidhi kikombe, na nadhani alianza kuifurahia desturi hiyo kuliko mwenyewe.

Habari ya sumu haikuwa mchezo kwake. Alinisimulia mara moja tu, akiwa anatia uzi kwenye sindano, bila kunitazama. Huko kwao, juu kilimani, kabla watu hawajaanza kuuawa, walitangulia mbwa. Mtu alipita nyumba hadi nyumba akitupa nyama yenye sumu, ili watakaokuja baadaye wasibwekewe. Mbwa wake alikufa mchana. Mke wake aliuawa siku iliyofuata. Alimzika nyuma ya nyumba, akakimbia. Akanipa suruali niliyokuwa nasubiri na kusema pindo limebaki kidogo.

Ua lake lilitoka kwenye kaburi hilo. Kwao wanaliita igitongati. Majani yake ni marefu kama ya mahindi, yanameta, na shina lake ukilikata na kulichomeka udongoni linachipua bila kubembelezwa. Ndiyo maana hupandwa mpakani mwa mashamba na juu ya makaburi: halifi, na watu wanajua pana mtu pale. Fundi alipanda tawi juu ya mke wake, na alipokimbia alikata kipande cha tawi hilohilo, akakivingirisha kwenye kitambaa kibichi, akaja nacho. Alikipanda ndani ya debe la mafuta ya msaada na kuliweka debe chumbani, dirishani, karibu na kichwa cha kitanda. Lilistawi mno. Siku hizi naona ua la jamaa hiyo kwenye sebule za watu, limewekwa pembeni ya televisheni, na kila nikiliona natafuta paka wa nyumba hiyo yuko wapi.

Mama alimuuliza siku ya kwanza tu, maana mama anapenda kuuliza. "Hilo ua halidhuru kitu? Halina utomvu mbaya?"

"Oya, hapana, mama. Kwetu mbuzi wanapita, ng'ombe wanapita, mbwa anarara chini yake. Haridhuru."

Wala hakusema uongo. Kwao ua lilikuwa nje na mbwa alikuwa nje, mbwa ana kilima kizima cha kunusa, akitaka majani anakwenda zake kutafuna nyasi. Hakuna mtu huko aliyewahi kumfungia mnyama chumba kimoja na igitongati kutwa nzima. Swali hilo lilikuwa jipya, na yeye alilijibu kwa majibu ya zamani.

Paka alipewa na Bi Tausi. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, mtu wa Ujiji tangu mababu waliotoka Manyema. Aliuza dagaa, na migebuka aliyoikausha mwenyewe kwa moshi katika kibanda cha nyuma. Moshi ulimharibu macho, yakawa mekundu mwaka mzima. Hakuwa na mtoto aliyebaki. Aliposikia panya wametafuna vitambaa vya wateja wa Fundi, alikuja na mtoto wa paka ndani ya ungo. "Chukua, baba," akamwambia. "Huyu mama yake ni mwindaji. Ila usimwache na njaa ukidhani panya wanatosha."

Fundi alimpa paka jina la Bwana Afya, kwa sababu alikagua kila pembe na hakuridhika na kitu. Nilicheka mpaka nikadondosha sindano. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kwamba yule mtu ana mzaha ndani yake. Kila alasiri Bi Tausi alipitisha vichwa vya samaki kwenye nondo za dirisha la Fundi, na Bwana Afya alimsubiri pale, kando ya lile debe. Fundi aliona, akashukuru, ingawa aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kwa nini yule bibi haonji kwanza. Nilimwambia hakuna mtu anayeonja kichwa cha samaki cha paka, aache ujinga.

Akitoka kwenda sokoni au kanisani alimfungia ndani. Aliogopa mtu asije akamtupia nyama. Na paka aliyefungiwa, asiye na panya wala jani la kutafuna, alitafuna lililokuwepo.

Sisi hatukulijua hilo. Tulichoona ni kwamba Bwana Afya alianza kudondosha mate, akatapika povu, akawa anatembea kama aliyelewa. Alikuwa mwembamba tangu awali. Siku moja asubuhi Fundi alimkuta amekauka chini ya meza ya kukatia.

Wanawake walikuwa kwenye foleni ya bomba, mbele ya nyumba yetu, na Bi Tausi alikuwa miongoni mwao na ndoo yake. Fundi alitoka na paka amemviringisha kwenye kipande cha khanga. Sura yake ilikuwa imebadilika. Leo naelewa alikuwa haoni bomba wala foleni, alikuwa anaona mbwa wake amelala mlangoni na siku ya pili yake inakuja. Siku ile nilidhani ni hasira tu.

"Paka wangu amerogwa," alisema. "Amerogwa, na ariyemroga ndiye anayempa samaki dirishani."

Kwa Kirundi, kuroga ni kutia sumu. Unatia kwa mkono, kwenye chakula au kwenye pombe, na mtu anakufa. Hicho ndicho alichosema Fundi: paka wangu ametiliwa sumu. Tuhuma mbaya, lakini ya mtu na nyama yenye sumu. Wanawake wa foleni hawakusikia hilo. Walisikia Kiswahili. Walisikia kwamba mjane mwenye macho mekundu, anayekaa peke yake na moshi usiokatika nyuma ya nyumba, ni mchawi.

Bi Tausi aliweka ndoo chini. "Fundi, umesema nini?"

"Umesikia, Bibi."

"Baba, mimi ndiye niliyekupa huyo paka."

Bi Tausi aliondoka na kuiacha ndoo yake pale bombani, maji yakimwagika juu yake. Mama yangu, ambaye ni Muha na neno hilo analijua kwa pande zote mbili, alitoka mbio akiwa na unga mikononi, akawaeleza wanawake kwamba kwao Fundi kuroga ni sumu, si uchawi, jamani, asikilizwe vizuri. Mmoja akamjibu kwa upole kabisa: "Sawa, mama. Na hiyo sumu, mchawi anaitoa wapi?"

Kisha mambo yalikwenda jinsi yanavyokwenda. Sinia la dagaa la Bi Tausi lilirudi nyumbani limejaa jinsi lilivyotoka. Watoto walipokaribia mlango wake walikimbia, na mama zao waliwasifu kwa kukimbia. Kichanga cha nyumba ya tatu kilipata homa, na homa ile ikapewa jina lake. Mtu akarusha jiwe kwenye bati lake, akafuata mwingine. Mzee wa msikitini alikemea, watu wakaitikia, wakaenda nyumbani na hofu yao ileile. Huku kwetu bibi kizee akishaitwa vile, watu wanaweza kumfuata na mapanga, na kila mtu pale mtaani alilijua hilo, Bi Tausi wa kwanza.

Alichokuwa nacho mkononi ni kitu kimoja. Fundi hakuwa na ruhusa ya kukaa nje ya kambi ya wakimbizi. Kutoka kwa Bi Tausi hadi ofisi ya mtendaji ni mwendo wa kumaliza kutafuna kipande cha muwa. Angekwenda, akasema kwamba pale kwa jirani kuna mkimbizi anashona nguo, neno la Fundi lingekuwa limelipwa. Nilimngoja aende. Nakiri nilitaka aende, kwa jinsi nilivyokuwa namkasirikia Fundi. Hakwenda.

Fundi alipata paka mwingine kutoka Katubuka, akamwita Naibu. Huyu hakuonja jua. Dirisha lilizibwa kwa mbao, mlango ukafungwa hata Fundi mwenyewe akiwa barazani hatua chache tu, na maji ya kunywa aliyaonja yeye kwanza. Alimlinda Naibu dhidi ya dunia nzima, akamfungia na lile ua.

Siku aliyokwenda sokoni Mwanga kununua nyuzi, tulimsikia Naibu akilia. Mama alichukua ufunguo wa akiba, tukaingia. Majani ya lile ua yalikuwa yamechanika kwenye ncha, na alama za meno zilionekana wazi. Sakafuni palikuwa na matapishi, na ndani yake vipande vya majani, vya kijani bado. Paka alikuwa amejikunja chini ya kitanda, mate yanamtoka. Mchana kweupe, mlango uko wazi, mboni zake zilikuwa zimepanuka mpaka macho yakawa meusi matupu. Mama alimbeba kifuani hadi jikoni kwetu. Matapishi aliyaacha palepale, akayafunika kwa bakuli, ili mwenyewe aje aone.

Fundi alikuja, akaona. Akasema mbuzi wanakula. Mama akasema huyu si mbuzi. Wakaenda wote wawili kumuuliza bwana mifugo, kijana mpole aliyekuwa akipita kuchanja ng'ombe upande wa Simbo. Akasema mbuzi ni kweli anaweza kulila, lakini paka na mbwa hakufundishwa habari zao sana, na asingependa kudanganya. Hilo halikumsaidia mtu. Aliyesaidia ni Naibu mwenyewe. Alikaa jikoni kwetu, hakuna ua, madirisha wazi, watu wa kila aina wakimpa kila aina ya makombo, na hakutapika tena. Akanenepa. Akawa anatuibia samaki.

Fundi alikaa mbele ya cherehani, miguu iko kwenye kanyagio, haikanyagi. Nilimwambia haya sasa, amka, nenda bombani ukaseme. Huyu ndiye mtu aliyemvua mama wa watu gauni la harusi kwa ajili ya bega. Akaniangalia na kusema, "Nikisema nimekosea, wataniuriza mimi ni nani wa kusema." Akashona. Niligombana naye siku hiyo mpaka sauti ikanikauka. Nilimwita mwoga, na mambo mengine ambayo mama alinikataza kuyarudia.

Operesheni ilifika bila kupiga hodi. Walikuja alasiri, askari kwenye lori pamoja na mgambo wa mtaani kwetu wa kuwaonyesha nyumba, kuwakusanya wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi. Tulisikia mayowe kutoka mwisho wa barabara. Fundi alikuwa anashona sare ya shule. Aliruka baraza, akapita uani, akatokea nyuma. Milango ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine, na siwalaumu, kila mtu aliogopa. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Bi Tausi alikuwa amesimama kizingitini, sinia la dagaa mkononi. Alisogea pembeni, Fundi akapita.

Walipofika hapo, askari akamwambia mgambo aingie. Yule mgambo alimwangalia Bi Tausi, akayaangalia macho yake, akatema mate pembeni.

"Humu mimi siingii, afande. Ingia wewe uliyekuja na gari, jioni unaondoka."

Askari alicheka kidogo. Kisha hakucheka. Akauliza kuna nini humo, mgambo akamnong'oneza. Wakapita nyumba iliyofuata, wakamtoa mama mmoja Mkongo na watoto wake.

Yaliyosemwa ndani nilisimuliwa na Bi Tausi mwenyewe. Alimpa maji, naye Fundi aliyanywa yote bila kungoja mtu aonje. Halafu akapiga magoti na kumwambia ni ua, ni ua lake mwenyewe.

"Nikamwambia najua," Bi Tausi alinieleza. "Vichwa vyangu vilikuwa vinakaukia pale dirishani, paka havigusi, anatafuna majani. Nilimwona kwa macho yangu haya mnayoyaogopa."

"Na mbona hukusema, Bi Tausi?"

"Nimwambie nani, mwanangu? Mchawi akisema si yeye, ni nani atamsadiki?"

Fundi akamwambia atakwenda kusema yeye, kesho asubuhi. Bi Tausi akamkataza. Akamwambia atumie akili: lori litarudi, na likirudi ataingia wapi? Nyumba hii haiingiliwi kwa sababu ya jina lile. Aliache jina likae mpaka operesheni iishe. Yeye amekwisha kuzoea sinia kurudi limejaa.

Fundi alikaa kimya majuma kadhaa. Lori lilirudi, akaingia humohumo, wakapita. Alirudi barazani akiwa amekonda, na kila sinia la Bi Tausi lilipopita aliacha kushona, akachungulia kama limepungua. Halikupungua. Alianza kutoboa vidole kwa sindano, mtu ambaye sikuwahi kumwona akijichoma.

Asubuhi moja, foleni ya bomba ikiwa ndefu, alitoka na debe lake. Aliliweka chini mbele ya wanawake. Alikuwa amejiandaa, hata zile l zake alizitafuta kwa bidii.

"Paka hakurogwa na mtu," alisema. "Ni hili ua. Ni langu. Nimeritoa kwenye kaburi la mke wangu, nikarifungia na paka, akala, akafa. Bibi hana kosa. Kosa ni langu, na neno ni langu."

Akashika mkasi wake mkubwa wa kukatia na kuanza kulikata. Jani kwa jani, halafu shina, vipande vidogo, ili lisichipue tena popote. Mikato ilikuwa minyoofu. Alikusanya vipande vyote kwenye debe, akavimwaga chooni, akarudi kusimama palepale, akisubiri.

Nilitaka kwenda kumkumbatia. Ninasema hivyo sasa, wakati ule nilibaki nimesimama mlangoni.

Mwanamke mmoja ndiye aliyeanza kusema, na hakuwa mbaya, ni mtu aliyekuwa akitukopesha chumvi. "Jamani," akasema, "mtu anakatakata ua la kaburi la mke wake kwa ajili ya bibi asiye ndugu yake? Huyu yuko sawa?"

"Alikaa ndani kwake siku ya lori," mwingine akasema. "Alimnywesha nini humo?"

"Ameshammaliza, maskini."

Walimwonea huruma. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba walimwonea huruma kwa dhati. Wengine walimshauri aende kuombewa. Kila alivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa, na alipopandisha sauti wakarudi nyuma na ndoo zao. Hadi jioni habari ilikuwa imefika Ujiji yote: yule bibi ana nguvu kuliko tulivyodhani.

Mtu akipiga kelele hadharani anaonekana. Waliomchukua walikuja kesho yake, hawakuja na lori, walikuja watu wawili wa serikali kwa miguu, na walimkuta barazani. Hakukimbilia kwa jirani. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akakata uzi, akamkabidhi mama nguo za wateja, akaenda nao. Bi Tausi alikuwa mlangoni kwake, mlango umefunguliwa wote. Nadhani Fundi hakupenda tena kujificha nyuma ya jina lile alilompa.

Nilimwona tena mara moja, misimu miwili ya mvua baadaye, kambini, upande wa Kasulu. Nilikwenda na akina mama wa kanisa waliopeleka nguo. Alikuwa chini ya turubai, anashona kwa cherehani ya mtu mwingine, na alikuwa amezeeka kuliko muda uliopita. Nilimwamkia. Niliandaa habari nyingi za kumpa: Naibu amezaa, kumbe ni jike, na mama ana mpangaji mpya anayekoroma. Sikupata nafasi ya kuzitoa.

"Bibi anauza?" aliniuliza.

"Anauza."

"Wananunua?"

Mimi ni mtu wa kusema uongo nikiona unafaa, na pale ungefaa. Lakini alikuwa ananitazama jinsi alivyokuwa akitazama kitambaa upande wa ndani.

"Mama ananunua," nikasema. "Kila siku, hata tukiwa na mboga nyingine."

"Mama yako namjua. Nauriza watu wa bombani."

Pembeni yake mteja mmoja alikuwa amekaa juu ya ndoo, akisubiri shati lake. Alitutazama, akatazama chini.

"Bado, Fundi," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Miaka yote alikuwa fundi cherehani, na neno hilo alikuwa amewapa wateja wengi. Alijua linavyosemwa wakati kitambaa hakijaguswa hata kwa mkasi. Akalivuta lile shati chini ya sindano na kuniuliza kama mwezi huu dagaa wametoka ziwani. Nikamwambia wametoka wengi mno, kila mtu anao.